Mikate ya Wasomali na Majina Yake



Mtu akiambiwa kwamba mwalimu atasema redioni, hudhani kwamba atasikia habari za wafalme wa kale, au za vita, au za kupanda pamba. Mimi leo nitasema habari za mkate. Wala sitasema habari za mikate ya dunia nzima, bali ya jirani zetu Wasomali, na majina waiitayo, maana huku ina jina hili na kule ina jina jingine. Huenda mmoja wenu akasema moyoni mwake, "Mkate ni mkate. Ya nini kuuliza jina lake?" Nami zamani nilisema vivyo hivyo. Kilichonigeuza ni kosa nililolifanya mwenyewe, na kwa kosa hilo nitaanza, msije mkadhani kwamba nilizaliwa na maarifa haya.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, wanafunzi hutoka pande nyingi za nchi ya Kenya. Mwaka mmoja nilikuwa na vijana wawili Wasomali katika darasa moja. Mmoja alitoka Garissa, mji ulio kando ya mto Tana, na mwenziwe alitoka Isiolo. Katika mtihani wa jiografia niliuliza habari za vyakula, na swali moja lilikuwa hili: "Taja mkate ambao Wasomali hula asubuhi." Yule wa Garissa aliandika canjeero, neno ambalo nilikuwa nalo katika daftari langu. Yule wa Isiolo aliandika laxoox. Neno hilo sikulijua. Nikalitazama, nikaona herufi x mbili katika neno moja, nikadhani kwamba kijana amebahatisha. Nikapiga msalaba kwa wino mwekundu, nikamnyima alama mbili.

Alama mbili si kitu kikubwa, lakini mwaka ule zilitosha. Kijana yule angalikuwa wa kwanza katika darasa. Kwa ajili ya msalaba wangu akawa wa pili, na tofauti ilikuwa alama moja tu. Siku ya kusomwa majina baba yake alikuwapo, amesafiri mchana kutwa kuja kumsikiliza mwanawe akitajwa. Akamsikia akitajwa wa pili. Jioni kijana alikuja akasimama mlangoni pangu, akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Nyumbani kwetu mkate ule hauna jina jingine." Nikamjibu kwamba daftari langu lasema vingine. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake.

Maneno yale hayakuniacha. Miezi michache baadaye nilitumwa Isiolo kuwatazama walimu vijana wakifundisha, na kazi ilipokwisha nikauliza njia ya kwenda nyumbani kwa yule kijana. Walinipokea vizuri mno, wala hapana aliyetaja mtihani. Alikuwapo bibi yake, mzee ambaye wajukuu humwita ayeeyo, yaani nyanya. Nilipomwambia kwamba nataka kujua mkate wa asubuhi, alicheka, akaniambia, "Mwalimu, mkate wa asubuhi huanza jioni. Kaa kitako utazame."

Kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya herufi, hasa kwa ninyi wanafunzi. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kirumi mwaka 1972, na waliopanga maandiko hayo waliwapa herufi fulani kazi nyingine kuliko ile mliyoizoea. Herufi c ni ile ain ya Kiarabu, sauti itokayo kooni. Basi canjeero hutamkwa kama anjeero, lakini kwa kukaza koo hapo mwanzo. Herufi x ni ile ha nzito ya Kiarabu, kama katika jina Muhammad wanapolitaja wenyewe Waarabu. Basi laxoox ni lahooh. Na vokali ikiandikwa mara mbili, sauti yake huvutwa. Mwalimu asiyejua jambo hili dogo ataona maneno ya ajabu mahali pasipo na ajabu yoyote, kama nilivyoona mimi.

Sasa turudi kwa bibi. Alichukua unga, akautia maji vuguvugu, akaongeza kiasi kidogo cha unga uliochachuka tangu siku iliyotangulia. Hiyo chachu huitwa khamiir kwa Kisomali, nasi twajua neno hilo, maana ndilo hamira yetu. Lugha zote mbili zililipata kwa Waarabu. Kisha akaanza kuupiga ule unga kwa kiganja ndani ya bakuli, pa, pa, pa, muda mrefu, hata ukawa laini kama uji mzito. Akaniambia kwamba zamani, katika mtaa wa Wasomali, mtu akipita jioni angeweza kuhesabu nyumba kwa sauti ile ya viganja. Akaufunika, akauacha ulale.

Alfajiri unga ulikuwa umeumuka na kutoa mapovu. Bibi akaweka motoni kikaango kipana, ambacho huitwa daawo. Zamani kilikuwa cha udongo, na siku hizi aghalabu ni cha chuma. Akapaka mafuta kidogo sana, akachota unga kwa kikombe cha bati, akaumimina katikati. Kisha kwa kitako cha kikombe hichohicho akauzungusha kutoka katikati kwenda nje, duara juu ya duara, kama mtu achoraye nyumba ya konokono. Akafunika. Punde akafunua, na juu ya mkate palikuwa na vitundu vingi vidogo kama vijicho. Mkate huu haugeuzwi. Huiva upande mmoja tu. Akatoa, akamimina mwingine, hata ikawa chungu ya mikate milaini.

Tukala. Waliweka samli na sukari juu yake, na chai ya maziwa kando. Watoto waliikatakata mikate yao bakulini, wakaimiminia chai juu, wakala kwa kijiko. Mwingine huila pamoja na maini yaliyokaangwa au nyama iliyokatwa vipande vidogo. Bibi akanielekezea kidole akaniuliza, "Haya, mwalimu, huu waitwaje?" Nikajitahidi, nikasema, "Laxoox." Nadhani nililitamka vibaya sana, maana watoto walianguka kwa kicheko. Lakini baba yake kijana hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelipwa deni dogo.

Sasa nitaeleza jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo. Mkate ule ni mmoja, lakini majina yake yamegawana nchi. Upande wa kaskazini, katika miji ya Hargeysa, Burco na Berbera, na huko Djibouti, watu husema laxoox. Upande wa kusini, Muqdisho na miji iliyo karibu nayo, watu husema canjeero, na wengine husema canjeelo. Kubadili r na l si jambo geni kwetu. Ni nani asiyemjua jirani asemaye "kalamu" na mwingine asemaye "karamu"? Hata katika Kisomali chenyewe sauti hugeuka mahali hata mahali. Kaskazini msichana ni gabadh, na kusini ni gabar. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa mikate.

Mtauliza, "Lakini Isiolo iko Kenya, tena iko kusini kuliko Muqdisho. Imekuwaje wasema kama watu wa Berbera?" Hapo ndipo jina la mkate hugeuka kuwa kitabu cha historia. Wasomali wengi wa Isiolo ni wazao wa askari waliotoka Somaliland iliyokuwa chini ya Waingereza, wakapigana katika jeshi la Waingereza katika Vita Kuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Vita vilipokwisha walipewa mahali pa kukaa, na mahali pamoja palikuwa Isiolo. Walikuja na ngamia wao, na dua zao, na jina la mkate wao. Miaka 100 ikapita, wajukuu wakazaliwa na kufia Kenya, na jina likabaki. Kijana yule alipoandika laxoox hakuwa amebahatisha. Alikuwa ameandika safari ya babu yake, nami nikaipiga msalaba.

Tena majina haya mawili hutuonyesha njia mbili za zamani. Ukivuka Ghuba ya Aden kutoka Berbera utafika Yemeni, na huko utaukuta mkate wa namna hiyohiyo, wenye vitundu, nao waitwa lahuh. Watu wa Yemeni huupenda sana katika mwezi wa Ramadhani, huuloweka katika maziwa ya mgando pamoja na majani yenye harufu nzuri. Baina ya Berbera na Aden majahazi yalikwenda na kurudi tangu zamani. Waingereza walipoitwaa Aden mwaka 1839, askari wao walilishwa kwa kondoo na mbuzi waliotoka pwani ya Wasomali. Walipopita kondoo, maneno nayo yalipita. Na ukishika njia nyingine, ile ipandayo milima ya Uhabeshi, utakuta injera, na kila mwenye masikio atasikia kwamba jina hili na canjeero ni ndugu.

Lakini jihadharini. Ndugu si mtu mmoja. Injera ya Wahabeshi hufanywa kwa nafaka ndogo sana iitwayo tefi. Hulazwa siku kadhaa hata iwe kali, na ukubwa wake ni kama sinia. Mchuzi humwagwa juu yake, na watu huketi kuizunguka wakala pamoja. Canjeero ya Wasomali ni ndogo, hulala usiku mmoja, ukali wake ni kidogo, na kila mtu huwekewa yake katika sahani. Mtu akila moja akadhani ameila ya pili, amekosea.

Mfano mwingine ni malawax, yaani malawah. Kwa Wasomali huu ni mkate mwembamba, mtamu. Hukorogwa unga wa ngano, mayai, maziwa, sukari na iliki, ukamiminwa katika kikaango, ukapakwa samli na kunyunyiziwa sukari au asali. Sisi wa pwani tukiuona tutasema mara moja, "Ni mkate wa maji!" Lakini ukienda Yemeni ukaomba malawah, utaletewa mkate mzito wa matabaka mengi, uliokandwa na kukunjwa kwa samli, wala hauna undugu na mkate wa maji. Basi tumeona mambo mawili: mkate mmoja waweza kuwa na majina matatu, na jina moja laweza kubeba mikate miwili. Atakaye kujua mkate na asishike jina peke yake. Na aulize pia umefanywa kwa unga gani, umepikwa juu ya nini, na umepikwa wapi.

Sasa tushuke kusini zaidi, katika nchi iliyo baina ya mito miwili, Juba na Shabelle. Hii ndiyo nchi ya wakulima. Kaskazini ni nchi kavu, na watu wengi walikuwa wafugaji wa ngamia na kondoo, wakaishi kwa maziwa na nyama, nafaka wakainunua. Lakini baina ya mito, na hasa karibu na mji wa Baydhabo, hulimwa mtama. Wakulima wa huko huchimba shimo ardhini, hulizungushia mabua na majani makavu, huujaza mtama, kisha hulifunika kwa udongo. Shimo hilo huitwa bakaar, na mtama hukaa humo muda mrefu ukingojea mwaka wa njaa. Watu wa nchi hii wana hata lugha yao, Kimaay, iliyo mbali kidogo na Kisomali cha kaskazini.

Mkate wa kusini ambao watu wa kaskazini hawakuuzoea ni muufo. Huu ni mnene, mgumu kidogo, wa mviringo, nao hufanywa kwa unga wa mtama au wa mahindi, na siku hizi hutiwa na ngano. Hauokwi juu ya kikaango. Huokwa katika tanuri la udongo liitwalo tinaar, lenye umbo la mtungi mkubwa, moto ukiwa chini. Mwokaji hulowesha mkono wake, hushika donge, huinama, na kulibandika upande wa ndani wa tanuri, juu ya moto. Si kazi ya mtu mwoga. Mkate ukiiva hubanduliwa, ukaliwa kwa mchuzi, au ukavunjwavunjwa na kutiwa mafuta ya ufuta na sukari. Na hayo mafuta ya ufuta yana habari yake. Hushindikwa katika kinu cha mti kizungushwacho na ngamia, ambaye huenda duara tangu asubuhi, naye amefungwa macho. Kinu hicho huitwa macsaro. Ufuta ni mali ya kusini, kama samli ilivyo mali ya wafugaji. Na kwa sababu hiyo ukitazama tu kilichomiminwa juu ya mkate, waweza kujua umefika upande gani wa nchi.

Mkaapo Unguja, au mliosafiri huko, najua tayari mnanitazama kwa mshangao. Maana Unguja kuna mkate wa mofa, nao tangu zamani ulikuwa wa unga wa mtama, wa mviringo, wa kuokwa katika tanuri. Mofa na muufo ni jina moja. Na ukifika pwani ya Yemeni na Hadhramaut utasikia neno hilohilo, lakini huko si jina la mkate bali la tanuri lenyewe. Kwa njia ya majahazi ya msimu neno lilishuka pwani yote, na njiani likahama kutoka kwenye tanuri likaingia katika mkate. Sisi tuliodhani kwamba chakula cha Wasomali ni kitu kigeni, tazameni, kipo sahanini mwetu, tena kwa jina lake. Wala si ajabu. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia, wana lugha yao iitwayo Chimwiini, nayo ni tawi la Kiswahili. Na Wabajuni wamekaa tangu kale katika visiwa vya karibu na Kismayu.

Mkate mwingine ni ule wa kusukuma. Unga wa ngano hukandwa kwa chumvi na mafuta, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa pande nne, husukumwa tena, hata uwe wa pembe nne, kisha hukaangwa kidogo. Sisi twauita chapati, tena twaukunja kwa mviringo. Wasomali wengine wauita sabaayad, na wengine wauita kimis. Hapo pia nimesikia vijana wakibishana, huyu akisema, "Kimis ndiyo sahihi," na yule akisema, "Hapana neno kama hilo." Wote wawili wameshiba mkate uleule.

Tena kuna mkate wa mjini, ule wa kuumuliwa na kuokwa katika tanuri kubwa la duka. Huitwa rooti, neno lililotoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara. Na tanuri lenyewe huko Muqdisho huitwa foorno, neno la Kitaliano, maana Wataliano walitawala kusini kabla ya pande mbili kuungana mwaka 1960. Huko Djibouti, walikotawala Wafaransa hadi mwaka 1977, utaona watu wakibeba asubuhi mikate mirefu kama fimbo, mtindo wa Kifaransa. Basi katika meza moja ya Wasomali waweza kukuta Yemeni, Uhabeshi, Bara Hindi, Italia na Ufaransa, na katikati yao bado yuko bibi na kiganja chake, akipiga unga jioni.

Sasa sikilizeni kwa nini nasema kwamba jambo hili si mchezo. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na watu wengi wakakimbia vita na njaa. Katika mwaka huohuo kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa, katika wilaya ya Garissa. Huko walikutana watu wa Baydhabo na wa Kismayu, wa Muqdisho na wa mitoni, wakulima na wafugaji, katika mistari ya mahema. Waligawiwa chakula, na katika chakula hicho mlikuwa na unga wa ngano. Mwanamke aliyezoea mtama wa shamba lake alilazimika kujifunza mkono mpya, kwa unga mweupe uliotoka katika gunia. Alifanya canjeero ya ngano, na watoto wake wakaiona kuwa ndiyo canjeero. Mwaka 2011 njaa kubwa iliwapata watu wa kusini, na waliopigwa zaidi walikuwa wakulima walewale wa mtama, wenye mashimo yale ya akiba. Makumi ya maelfu wakakimbilia Kenya.

Sisemi kwamba mtama umekwisha; hasha. Unalimwa hata leo. Lakini fikirini mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajapata kuona shimo la bakaar, wala tinaar, wala ngamia akizunguka kinu. Kwake muufo ni neno atajalo nyanya. Neno hilo likikosa wa kulisema, ujuzi wote uliofungwa ndani yake hukosa mlango wa kutokea: unga gani, udongo gani, moto wa kiasi gani, mkono uloweshwe vipi usiungue. Na shuleni mtoto huyo akiandika neno la nyanya yake, akakutana na mwalimu kama nilivyokuwa mimi, mwenye daftari moja na wino mwekundu, mlango huo utafungwa na mkono wa mwalimu.

Walimu wenzangu, hatuna haki ya kuwacheka Wasomali kwa majina yao mengi. Je, sisi tunasemaje? Mombasa mtu huuliza mahamri asubuhi, na bara huuliza mandazi. Wengine husema ni kitu kimoja, na mama wa Mombasa atakasirika, atakwambia kwamba mahamri yana tui la nazi na iliki, tena yameumuka. Na mahamri lenyewe limetokana na ile hamira tuliyoitaja. Tuna mkate wa kumimina, na mkate wa maji, na mkate wa ufuta, na mkate wa mofa, na kila mmoja una mahali pake na watu wake. Mtu akija na daftari lake akasema kwamba jina moja tu ndilo sahihi na mengine ni makosa, tutamwona amekosa adabu.

Namalizia kwa kisa changu. Niliporudi chuoni nilikusanya darasa zima, nikaandika ubaoni maneno matatu: laxoox, canjeero, canjeelo. Nikawaeleza kwamba yote matatu ni kweli, na kwamba mwalimu wao ndiye aliyekosa. Nikazirudisha zile alama mbili katika kitabu cha chuo. Yule kijana wa Garissa, aliyekuwa wa kwanza, alisimama akasema kwamba yu radhi kuwa wa pili, maana hata yeye hakujua kwamba mwenziwe ana jina jingine. Walikuwa wamelala bweni moja miezi mingi, hawakupata kuulizana. Lakini ile siku ya kusomwa majina siwezi kuirudisha. Baba alikwisha kusafiri, akasikia, akarudi. Alama hufutwa, siku haifutwi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu, hasa ninyi wanafunzi. Kesho mkiketi kula asubuhi, mwulizeni mama au nyanya jina la kile mlacho. Mwulizeni hufanywa kwa unga gani, na zamani kilifanywa kwa unga gani, na katika kijiji cha pili chaitwaje. Andikeni katika madaftari yenu kama walivyosema wao. Na mkikuta jirani alitajaye kwa jina jingine, msimwambie amekosea. Mwulizeni jina hilo lilitoka wapi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupiga msalaba kabla ya kuuliza.